Kuwashwa usiku: Kabla ya kununua krimu, uliza nani mwingine anajikuna nyumbani

Mchana mambo yako sawa. Mtu anakwenda kazini Darajani, anarudi, anakula, anakaa barazani na wenzake na wala hajikuni. Taabu inaanza taa zikishazimwa. Mara kiuno, mara katikati ya vidole, mara mapaja. Ikifika saa 8 usiku, shuka lina alama za damu na usingizi umekatika.

Asubuhi, safari ya kwanza kwa wengi ni duka la dawa. Anaomba "krimu ya kuwashwa", anapewa tyubu ndogo, anapaka, anapata nafuu siku 3 au 4. Kisha mwasho unarudi, tena kwa nguvu zaidi. Mwezi unapita, tyubu ya tatu inaisha, na sasa hata mtoto anayelala naye kitanda kimoja ameanza kujikuna.

Mtoto huyo ndiye anayeonyesha tatizo liko wapi. Kabla ya kuuliza "nipake nini?", swali la kwanza linapaswa kuwa "nani mwingine humu ndani anajikuna usiku?"

Kwa nini usiku?

Watu wengi hudhani usiku kuna kitu kinawauma. Wakati mwingine ni kweli, lakini mwili wenyewe pia huchangia.

Usiku ngozi hupata joto zaidi kwa sababu damu nyingi hupita karibu na uso wa ngozi. Homoni ya kotisoli, inayosaidia kutuliza uvimbe na mwasho, hushuka. Ngozi pia hupoteza maji mengi zaidi usiku kuliko mchana, hivyo hukauka. Na mtu akishalala hana kazi ya kumshughulisha, kwa hiyo akili yote inahamia pale panapowasha.

Ongeza hali ya hewa ya Unguja. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, joto ni kali. Ikija masika, unyevunyevu unazidi na nguo hazikauki. Ndani ya Mji Mkongwe, nyumba za mawe na chokaa zimebanana na vichochoro ni vyembamba. Umeme ukikatika na feni ikazima, chumba kinakuwa kama tanuri. Ngozi nyepesi haiwezi kuvumilia hali hiyo.

Mtu mmoja au nyumba nzima?

Kama watu 2 au zaidi wanaoishi pamoja wanawashwa, na mwasho unazidi usiku, jambo la kwanza la kufikiria ni upele wa kuambukiza.

Mitaani neno "upele" hutumika kwa kila kitu kinachotoka kwenye ngozi. Hapa linalozungumzwa ni ugonjwa mmoja hasa. Unasababishwa na kijidudu cha jamii ya utitiri ambacho hakifiki hata nusu milimita. Si chawa wala kiroboto. Jike huchimba kijishimo kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Mwili hukasirishwa na kijidudu, mayai yake na kinyesi chake, na hapo ndipo mwasho unapotoka.

Cha kushangaza, mgonjwa wa kawaida ana vijidudu 10 hadi 15 tu mwili mzima. Hao wachache wanatosha kumkosesha mtu usingizi.

Sehemu za kuangalia ni hizi:

- Katikati ya vidole vya mikono na kwenye viwiko vya mikono
- Kwapani, kiunoni na kuzunguka kitovu
- Makalio na mapaja
- Kuzunguka chuchu kwa wanawake
- Sehemu za siri kwa wanaume
- Kwa watoto wachanga: kichwani, usoni, viganjani na kwenye nyayo

Upele huu huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi kwa muda: kulala kitanda kimoja, kumbeba mtoto, kulala mkeka mmoja. Kusalimiana kwa mkono mara moja kwa kawaida hakutoshi. Ndiyo maana huenea zaidi kwenye familia na kwenye dahalia za skuli.

Kuna mtego mmoja hapa. Mtu anayepata upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku tayari anaambukiza wengine. Kwa hiyo "mimi siwashwi" si ushahidi kwamba mtu yuko salama.

Unguja ilishaona hili mwaka 2001

Mwaka 2001 Zanzibar ilianza kugawa dawa za kutokomeza matende na mabusha kwa wakazi wa Unguja na Pemba, mara moja kwa mwaka. Dawa zilikuwa 2: ivermektini na albendazo. Lengo lilikuwa minyoo inayoenezwa na mbu. Upele haukuwa kwenye mpango huo.

Lakini ivermektini inaua pia kijidudu cha upele. Baadaye watafiti walipitia kumbukumbu za vituo vya afya Zanzibar na kukuta wagonjwa wa upele wamepungua sana ukilinganisha na kabla ya ugawaji. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Watu walimeza dawa ya matende, na upele nao ukarudi nyuma.

Kisha ikaja Fiji, nchi nyingine ya visiwa yenye joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha njia tofauti. Mahali ambapo watu wote walipewa ivermektini, wenye upele walishuka kutoka 32% hadi karibu 2% ndani ya mwaka mmoja. Mahali ambapo walitibiwa wagonjwa na watu wao wa karibu tu, walishuka kutoka karibu 37% hadi 19%.

Mwaka huohuo wa 2015, wanasayansi William Campbell na Satoshi Ōmura walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyoleta dawa hiyo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka upele kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika ya nchi za joto. Shirika hilo linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 200 wanao upele kwa wakati wowote ule.

Somo kwa nyumba ya kawaida pale Mwembetanga au Kizimkazi ni lilelile: upele hautibiwi kwa mtu mmoja. Ukimtibu baba peke yake, mama na watoto watamrudishia ndani ya wiki chache. Kisha atasema dawa haifanyi kazi.

Namna ya kutibu nyumba nzima

Kwanza mtaalamu wa afya athibitishe kuwa ni upele. Ikishathibitishwa, hatua ni hizi.

1. Chagueni usiku mmoja. Kila anayeishi nyumba hiyo atibiwe usiku huohuo, hata asiyewashwa. Dada wa kazi na bibi anayelala chumba cha nyuma wamo pia.

2. Pakeni mwili mzima. Krimu ya permethrini ya 5% hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na chini ya kucha, kwenye kitovu na katikati ya makalio. Hukaa saa 8 hadi 14 kisha mtu anaoga. Kupaka pale panapowasha tu ni kupoteza dawa.

3. Kama ni dawa ya maji meupe (BBE), fuateni maelekezo ya mfamasia. Inachoma, hasa kwenye ngozi iliyochubuka, na kwa watoto huwa lazima ipunguzwe nguvu. Kwa wachanga na wajawazito, mtaalamu anaweza kuchagua marhamu ya salfa au permethrini.

4. Ukinawa mikono, paka tena. Wengi hupaka vizuri, kisha wanatia udhu au wanaosha vyombo na dawa ya mikononi inaondoka. Mikono ndiyo makazi makuu ya kijidudu hiki.

5. Rudieni. Mzunguko wa pili hufanyika baada ya siku 7 hadi 14, kwa sababu baadhi ya mayai huokoka dozi ya kwanza.

6. Fueni asubuhi ileile. Mashuka, foronya, taulo, kanga na nguo za siku 3 zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja. Kijidudu kikiwa nje ya mwili wa mtu kwa kawaida hufa ndani ya siku 2 hadi 3.

Vidonge vya ivermektini hutolewa kwa kupima uzito, na havipewi wajawazito wala watoto wenye uzito chini ya kilo 15 bila daktari kuamua. Ivermektini iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi isitumiwe na mtu.

Jambo la mwisho, na hapa wengi huharibu: mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata baada ya vijidudu vyote kufa, kwa sababu mwili bado haujatulia. Mtu akipaka dawa ya upele kila usiku kwa hofu, anaiunguza ngozi na kuwashwa zaidi. Vipele vipya vikiendelea kutoka baada ya wiki 4, arudi kwa mtaalamu.

Kama anawashwa mtu mmoja peke yake

Hapo orodha inabadilika. Sababu za kawaida ni hizi.

Harara. Vipele vidogo vya joto shingoni, mgongoni na penye mikunjo. Hutokea jasho likiziba. Tiba yake kubwa ni upepo, maji ya kuoga na nguo nyepesi za pamba. Mafuta mazito huongeza tatizo.

Pumu ya ngozi. Ngozi hukauka, hukwaruza na kuwasha, hasa nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko. Mara nyingi kwenye familia hiyo yupo mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Haiambukizi. Huja na kuondoka, na huhitaji ngozi kulainishwa kila siku.

Kunguni. Alama huwa nyekundu, mara nyingi zimepangwa kama mstari, sehemu zisizofunikwa na nguo. Kunguni nao wanaweza kuuma watu kadhaa wa nyumba moja, kwa hiyo angalieni mishono ya godoro na nyufa za kitanda kwa tochi ya simu. Vidoa vyeusi kama vya wino ni dalili.

Fangasi. Wengine huita mashilingi. Ni duara lenye ukingo unaowasha na katikati iliyo safi kidogo, au mwasho wa kinena na kati ya vidole vya miguu. Hupenda unyevu.

Mzio wa kitu kinachogusa ngozi. Huu ndio unaosahaulika zaidi, na Zanzibar una sura zake.

Singo, piko na sabuni ya unga

Zanzibar ni kisiwa cha manukato. Singo anayosuguliwa bi harusi huwa na karafuu, liwa, waridi na maua mengine. Kwa ngozi ya kawaida haina neno. Lakini karafuu ina yujenoli, kemikali inayofahamika kwa kusababisha mzio kwa baadhi ya watu. Mwenye ngozi nyepesi ajaribu kidogo kwenye mkono kwa siku 2 kabla ya kujisugua mwili mzima. Mafuta safi ya karafuu yasipakwe bila kuchanganywa, kwani yanaunguza.

Piko ni hatari zaidi. Hina ya asili hutoa rangi nyekundu au kahawia. Rangi nyeusi tii inayokolea ndani ya nusu saa mara nyingi ina PPD, kemikali ya kutia nywele rangi. Inaweza kuleta malengelenge na kovu lenye umbo la ua lilelile lililochorwa. Na mwili ukishaikataa PPD mara moja, mtu anaweza kudhurika baadaye kwa rangi ya nywele pia. Watoto wasipakwe piko, hata siku ya Sikukuu.

Vitu vingine vya kuchunguza:

- Sabuni ya unga isiyosuuzwa vizuri kwenye mashuka
- Dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya kuoga kila siku
- Manukato yanayopulizwa moja kwa moja kwenye ngozi
- Maji ya bahari: wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, wavuvi na watoto wanaoogelea wasuuze chumvi kwa maji baridi kabla ya kulala
- Chandarua kipya chenye dawa: kining'inizwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kukitumia. Kisiachwe, kwani malaria haijaisha

Krimu isiyojulikana ni mkopo wenye riba

Nyingi ya krimu zinazoombwa kwa jina la "krimu ya kuwashwa" zina steroidi. Zikitolewa na daktari kwa pumu ya ngozi, kwa muda maalumu, zinasaidia sana. Zikitumiwa kwa kubahatisha, zinafanya mambo 3.

Kwanza, zinaficha. Mwenye upele anapata nafuu ya uongo, vijidudu vinaendelea kuzaliana, na alama zinabadilika hata daktari anashindwa kuzitambua kwa haraka.

Pili, zinalisha fangasi. Duara dogo la mashilingi linaweza kuenea kiuno kizima.

Tatu, zinaharibu ngozi yenyewe. Inakuwa nyembamba, inachanika, inaota chunusi. Wanaotumia krimu za kujichubua wanalijua hili, maana baadhi ya krimu hizo zina steroidi kali au zebaki. Ngozi iliyochubuliwa huwashwa kwa joto kidogo tu.

Tyubu isiyo na maandishi yanayosomeka, isiyo na tarehe ya kwisha au iliyohamishiwa kwenye kopo jingine isinunuliwe. Mafuta ya taa, petroli na dawa ya kuulia mende havipakwi mwilini kwa hali yoyote.

La kufanya usiku wa leo

Kabla ya kumfikia daktari, usiku unaweza kupunguzwa makali kwa njia rahisi:

- Oga maji ya kawaida au ya baridi kidogo, dakika 5 hadi 10. Maji ya moto yanapendeza wakati ule tu, baadaye mwasho unazidi.
- Tumia sabuni isiyo na harufu, na kwenye makwapa, kinena na miguu tu kama ngozi imekauka.
- Jipanguse kwa kugusisha taulo, usisugue. Ndani ya dakika 3 paka jeli ya kawaida isiyo na manukato. Mwenye harara asipake.
- Vaa pamba nyepesi. Kanga kuukuu ni bora kuliko nguo ya nailoni.
- Kata kucha fupi, hasa za watoto.
- Panapowasha, bonyeza kitambaa kilicholowa maji baridi badala ya kukuna.
- Dawa za mzio kama klofeniramini huleta usingizi. Muulize mfamasia kabla ya kumpa mtoto au mzee, na usiendeshe chombo.

Usisubiri, nenda hospitali

Hali hizi hazitaki kujaribu nyumbani:

- Vidonda vyenye usaha, homa au ngozi iliyovimba na kuuma. Bakteria wanaoingia kupitia mikwaruzo ya upele wanaweza kudhuru hata figo za mtoto.
- Mtoto aliyekuwa na vidonda vya upele, kisha akavimba uso au kukojoa mkojo wenye rangi ya chai.
- Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo usiku bila vipele. Inaweza kuwa shida ya ini inayohatarisha mtoto tumboni. Aende siku hiyohiyo.
- Kuwashwa mwili mzima bila vipele kwa zaidi ya wiki 2, hasa kukiwa na macho ya manjano, kupungua uzito au kiu isiyokwisha. Ini, figo na kisukari vinaweza kujificha hapo.
- Magamba mazito ya upele kwa mzee au mtu mwenye kinga dhaifu. Huyo anaweza kubeba maelfu ya vijidudu.
- Kuvimba midomo au kupumua kwa shida baada ya kula, kunywa dawa au kupaka kitu.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona inahitajika, watatoa rufaa hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja. Nenda na tyubu na vidonge vyote vilivyokwishatumika, hata vile unavyoona aibu kuvitaja. Daktari akijua kilichopakwa, anapata nusu ya jibu.

Aibu ndiyo inayoueneza

Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Lakini kijidudu hiki hakichagui. Kinampata anayeoga mara 3 kwa siku na anayekosa maji, mwenye nyumba ya ghorofa na mwenye banda. Kinachokipa nafasi ni watu kulala karibu, na hiyo si dhambi wala uchafu.

Mama anayeficha kuwa wanawe wana upele anawapeleka chuoni wakaambukize wenzao, kisha wanaambukizwa tena na walewale. Mama anayesema "sisi tumepata, angalieni na wenu" anaumaliza mtaa mzima kwa wiki 2.

Kwa hiyo usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, ulizaneni. Akijitokeza mtu wa pili anayejikuna, kesho msinunue tyubu moja. Nendeni kituo cha afya pamoja, mtibiwe pamoja, na mashuka yote yaende kwenye kamba siku moja.